Chura wa Dukani Osaka

"Hakuna kitu cha umeme kilichowahi kunishinda," Fusae alizoea kusema, na akishaona watu wameanza kumwamini, alimalizia: "ila vile vinavyowaka."

Majirani hawakuhitaji hata hiyo nyongeza. Bonde zima la Kurose liliijua habari ya rimoti. Mwaka juzi Fusae aliikalia rimoti yake, ikabonyea mahali, televisheni ikaanza kusoma taarifa ya habari kwa Kiingereza. Akaitazama hivyo hivyo wiki tatu. Alidhani wameajiri mtangazaji mgeni ambaye lugha bado haijamkaa mdomoni, akamwonea huruma, na kila jioni alimwona ameendelea kidogo. Aliyekuja kugundua ni mwanawe, Shigeki, alipofika kutoka Osaka kwa mwaka mpya. Aliitengeneza kwa kidole kimoja, hata koti hajavua, kisha akasimama akimtazama mama yake kama mtu anayetazama paa linalovuja.

"Mama, mtu asiyeiweza rimoti ataishije peke yake?"

"Si niliikalia?" Fusae akajibu. "Wewe ungeikalia ingekuimbia?"

Alikuwa na miaka sabini na sita, na ujane wake ulikuwa umetimiza miaka tisa. Alikuwa na nyumba ya vigae juu ya mteremko, bustani ya figili nyuma yake, na kaburi la mumewe mwendo wa dakika kumi. Hakutaka kitu kingine. Lakini Februari aliteleza kwenye theluji pale mteremkoni, akakaa chini kama nusu saa mpaka mpeleka barua akapita, na huyo mpeleka barua, kwa wema wake wote, akampigia Shigeki simu. Shigeki akatoa hukumu. Nyumbani na bustanini, basi. Siku akisikia mama yake ameshuka tena ule mteremko, atakuja na lori, apakie kila kitu, ampeleke Osaka akakae katika chumba kidogo ghorofa ya kumi na moja. Na kila siku saa sita na nusu mchana alipiga simu kuuliza yuko wapi.

"Nyumbani," Fusae alikuwa akijibu. Au, akitaka kubadilisha ladha: "Bustanini."

Hakuwa nyumbani wala bustanini. Alikuwa ameshuka mteremko, na kwa namna fulani alikuwa Osaka, dukani, akiwa chura.

Ilianza hivi. Manispaa ina ofisi inayowatafutia wazee vibarua: kupogoa miti, kung'oa majani makaburini, kubandika karatasi mpya kwenye milango ya kizamani ya karatasi. Fusae alikuwa mtu wa majani mpaka goti lilipogoma. Alipokwenda kufuta jina lake, karani akamuuliza kama angependa kazi ya kukaa.

"Kukaa nina uzoefu nako," Fusae akasema.

Wakampeleka chini ya mteremko, kwenye shule ya msingi ya Kurose, ile ile aliyosomea yeye mwenyewe. Shule ilifungwa miaka sita nyuma, mtoto wa mwisho alipomaliza. Viti vidogo bado vilikuwepo, na ubao, na saa ya ukutani iliyoamua kubaki saa tisa kasorobo. Katika darasa la pili walikuwa wameweka meza mbili za watu wazima, kompyuta mbili, na juu ya kila kompyuta kamera ndogo, duara, kama jicho la samaki.

Mjini, walimweleza, maduka yamekosa wauzaji. Mteja anajichukulia mwenyewe, analipa kwenye mashine, anatoka, na hakuna hata mtu wa kumwambia karibu tena. Kwa hiyo kampuni imesimamisha skrini mlangoni, ndefu kama mtu, na ndani ya skrini yumo mnyama wa katuni. Mteja akiingia, mnyama anamkaribisha, anamwonyesha chai ilipo, anamkumbusha mwavuli wake. Watu wengi hudhani ni mashine inayojiendesha. Siyo. Ni bibi wa Kurose. Fusae akiinua mkono mbele ya kamera yake, kule Osaka chura aliyevaa aproni ya bluu anainua mkono. Fusae akicheka, chura anacheka. Na ile sauti yake ya kikongwe, yenye lafudhi ya mlimani na mikwaruzo, inaingia kwenye mashine huku, na kule inatoka nyororo na nyembamba, sauti ya kiumbe kisichowahi kuumwa mgongo.

Siku ya kwanza aliinua mkono, akauona ule wa kijani ukiinuka kwenye pembe ya kioo chake. Akaushusha. Akauinua tena. Kilomita mia tatu, milima kati, na reli na mito, na mkono ule haukuchelewa hata kama kufumba jicho. Alifanya hivyo kama robo saa, na machozi yalikuwa karibu bila yeye kujua yalikuwa ya nini.

Mwalimu wao alikuwa mama mmoja wa kampuni, Bi Tamaru, ambaye naye hawakuwahi kumwona ila kwenye skrini.

"Chura hana jina, hana umri, hana kwao," alisema. "Akiulizwa anatoka wapi, anatoka bwawani. La pili, na hili ndilo mnalolisahau sana: kuzima kipaza sauti si kuzima kamera. Ukizima kipaza sauti, chura anakuwa bubu tu. Mwili wake bado unakufuata. Ukitaka kupumzika zima vyote viwili, chura alale."

Wa kwanza kulisahau alikuwa Kinuyo, jirani yake Fusae, mwenye miaka themanini na mmoja na kipikapu cheupe alichokiendesha kama anafukuzwa. Ndiye aliyempitia Fusae kila asubuhi. Mezani kwake, mkono wa kushoto wa Fusae, Kinuyo alikuwa sungura wa mapokezi katika hoteli moja huko Fukuoka. Wiki ya kwanza alizima kipaza sauti akajikuna kwapa kwa raha zake, na sungura wa hotelini akajikuna kwapa mbele ya wageni kumi na wawili waliokuja harusini.

"Walipiga makofi," Kinuyo alijitetea. "Chura wako wewe nani amempigia makofi?"

"Chura wangu ana heshima zake, dada Kinuyo."

"Heshima zimemzidi. Jana nimemwona anaiinamia mashine ya kahawa."

Hapo alikuwa amemshika pabaya. Fusae alikuwa mtu wa kuinama. Kila mtu Kurose huinama akizungumza kwenye simu, hilo halina ajabu, lakini Fusae alikuwa na mwinamo wake: mitatu ya haraka haraka, kisha mmoja mrefu, macho amefumba, mpaka kipaji cha uso kinakaribia magoti. Aliwainamia waliokosea namba. Marehemu mumewe alikuwa akimwambia, "Mama, huyo hakuoni," naye alijibu akiwa bado yuko chini, "Atasikia." Watoto walimwigiza mezani. Shigeki ndiye aliyekuwa fundi: anashika kijiti cha kulia chakula sikioni, mitatu ya haraka, mmoja mrefu, mpaka pua inaingia kwenye supu.

Fusae aliirithi tabia hiyo kwa bibi yake mzaa baba. Televisheni ya kwanza Kurose ilinunuliwa na mwenye kiwanda cha sosi ya soya, Fusae akiwa na miaka kumi na miwili. Jioni watu waliosha miguu, wakaingia, wakakaa kwenye mikeka kwa mistari kama wamekuja msibani. Mtangazaji alipotokea akainamisha kichwa kuwasalimu watazamaji, bibi naye aliweka mikono mkekani na kumwinamia mpaka chini. Watoto walicheka hadi wakatolewa nje. Tangu siku hiyo bibi hakukubali kula mbele ya televisheni bila kuziba mdomo kwa kiganja, na alimfinya Fusae kila alipokunjua miguu.

"Kaa vizuri. Yule bwana anatuona."

"Hatuoni, bibi. Ni taa tu, imo ndani ya sanduku."

"Taa gani inayokutazama machoni?"

Fusae alikumbuka hayo mara nyingi, pale kwenye kiti chake katika darasa la pili. Maana sasa yeye ndiye alikuwa ndani ya sanduku, na aliwaona. Aliwaona wote. Wasichana wa maofisini, saa moja asubuhi, nywele mbichi, wakipiga miayo mbele ya chura kwa kuwa chura si mtu. Fundi wa matofali aliyechagua tonge la wali dakika kumi kama anachagua mchumba, na mwishoni akachukua lile lile la plamu ya chumvi alilochukua jana. Mzee aliyevua kofia. Alijua nani amegombana na nani, na nani amenunua viatu vipya vinavyombana. Bibi hakukosea, alifikiri. Aliwahi tu, kwa miaka sitini na minne.

Jumanne moja ya mwezi wa Mei, saa nne asubuhi, kengele ya mlangoni ililia kwenye vipokea sauti vyake, akaingia mwanamume wa suti ya kijivu. Kamera ya dukani imewekwa juu ya skrini, kwa hiyo mtu akisogea, cha kwanza kuonekana ni utosi. Fusae aliutazama utosi huo, na maneno ya kukaribisha yakamkauka.

Nywele zilikuwa zimepungua. Lakini zilizobaki zilizunguka kama maji yanayoingia shimoni, na zilizunguka mara mbili: duara moja kulia, jingine kushoto, yamepeana migongo. Watu wazima walikuwa wakisema mtoto wa utosi wa namna hiyo ni mtundu. Fusae alizilowesha nywele hizo kila asubuhi kwa miaka sita, hapa hapa kwenye lango la shule hii, zikakataa kulala. Kabla hajafikiri mkono wake ulikuwa umeshapanda ukazilaze.

Kule Osaka chura aliinua mkono. Shigeki akadhani anasalimiwa, akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchukua mkate wa maharage matamu.

"Dada Kinuyo," Fusae alinong'ona, kipaza sauti kimezimwa. "Mwanangu yumo dukani kwangu."

"Shigeki? Si yuko kazini?"

"Ndiyo, yuko kazini."

"Labda wamemtuma."

"Mkuu wa idara? Wamtume mkate wa maharage?"

Kinuyo alichungulia. Shigeki alikuwa amekaa kwenye kona ya kulia chakula, mkoba mapajani, tai imenyooka, mkate mbele yake haujaguswa. Alikaa hivyo saa nzima. Alikaa saa ya pili.

Saa sita na nusu Fusae akazima vyote viwili, kipaza sauti na kamera, kama alivyofundishwa. Chura akafumba macho akalala. Lakini picha ya dukani haikuzimika, iliendelea kuja. Akamwona Shigeki akinyoosha mgongo, akikohoa kidogo kama anayetaka kuingia kwenye chumba cha mkubwa wake, akitoa simu mfukoni. Na simu ikatetemeka kwenye aproni ya Fusae.

Alichelewa kuipokea. Si kwa hofu. Alishindwa kuacha kutazama. Kidole kilibonyeza kule, na mfuko wake ukatikisika huku. Mdomo ulifunguka kule, na sauti ikaingia sikioni mwake huku, sauti ile ile, yenye pumzi na yote. Wangapi wamewahi kupewa hilo, alifikiri, kumwona mtu akikupigia. Tangu Shigeki aondoke na begi lake akiwa na miaka kumi na minane, sauti yake ilikuwa ikitoka gizani. Sasa ilikuwa na uso, na uso wenyewe ulikuwa umekonda.

"Mama, uko wapi?"

"Nyumbani. Wewe je?"

"Ofisini. Vikao tu, haviishi. Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula vizuri," Shigeki akasema, akiusogeza mkate wa maharage kwa kidole kidogo.

Alirudi Jumatano. Alirudi Alhamisi. Mwisho wa mwezi Fusae alikuwa hahesabu tena. Angeweza kumuuliza kwenye simu, lakini angemwambia amemwona vipi? Akijitaja, amekiri mteremko, na lori linakuja. Akinyamaza, mtoto wake ataishi kwa mkate. Kwa hiyo alifanya lile ambalo chura anaruhusiwa kufanya.

"Karibu, mteja wetu. Leo kuna tonge la samaki, limefika sasa hivi."

"Nataka mkate tu."

"Mkate pia utafurahi ukiwa na mwenzake."

Shigeki alicheka, akachukua la samaki. Siku iliyofuata chura akamsifia supu. Siku ya tatu akamwonya kwamba mtu anayekaa karibu na ule mlango hupigwa na baridi ya shingo, afadhali kona ya ndani. Kinuyo alisikiliza yote akiguna.

"Utamfunga kitambaa cha mtoto shingoni sasa."

"Namhudumia mteja."

"Mbona fundi wa matofali humwambii habari ya shingo?"

"Shingo yake si nimeiona? Ile haipigwi na kitu."

Juni ikaingia na mvua zake. Jumatatu moja Kurose ilipata jua, lakini Osaka ilikuwa inamwaga, na duka lilikuwa tupu, Shigeki peke yake. Kama saa nne na robo akainuka na kikombe chake cha chai, akaja kusimama mbele ya skrini. Hakuwahi kufanya hivyo.

"Chura. Wewe huchoki?"

"Kwa mvua kama hii, mteja wetu? Kwetu hii ni sikukuu."

"Nani amekufundisha kujibu hivyo?"

"Huko huko bwawani."

Akacheka puani. Akanywa chai. Alizungumza akitazama kikombe, kama watu wanavyozungumza na paka.

"Mimi nimefanya kazi miaka thelathini na moja. Mashine za faksi. Unazijua?"

Fusae alikuwa nayo moja, zawadi ya mshahara wa kwanza wa Shigeki. Ilikuwa juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufumwa, na kila mwisho wa mwaka aliipangusa.

"Nimezisikia," chura akasema.

"Unaona? Hata chura amezisikia tu." Akapuliza chai yake. "Zilikuwa mashine nzuri, lakini. Mtu anaandika kwa mkono wake huku, na mwandiko wake unatokea kule, ule ule, na makosa yake. Mara ya kwanza kuiona ikitoa karatasi nilishindwa kusema. Januari wamefunga idara. Walituita mmoja mmoja, wakatuinamia, wakatupa maua. Maua yangu niliyaacha kwenye treni. Mke wangu hajui. Kila asubuhi nafunga tai nakuja kukaa kwako."

Kanuni zilisema mteja akinyamaza asemeshwe habari ya hali ya hewa, lakini Fusae hakuikumbuka hali ya hewa.

"Na mama yangu hajui. Yuko milimani huko, peke yake. Nataka kumleta akae nasi. Nawaambia watu ni kwa sababu ya goti lake." Alizungusha kikombe. "Si goti. Akija, nitasema nimeacha kazi ili nimwangalie mama. Nani atauliza zaidi? Watanisifu hata."

Basi ndivyo. Angehamishwa kama kabati linalosogezwa kufunika ufa ukutani. Fusae alisikia hasira ikipanda, ikafika shingoni, na hapo Shigeki akainamisha kichwa kunywa na ule utosi ukaonekana, maduara mawili yamepeana migongo, na hasira ikakosa njia ya kupita.

"Mteja wetu," chura akasema, "umemuuliza mwenyewe kama anataka?"

"Jibu lake nalijua."

"Basi si umeshajibiwa?"

Shigeki akainua uso. Akamtazama chura kwa muda, machoni, kama bibi yake Fusae alivyokuwa akimtazama mtangazaji.

"Una miaka mingapi wewe?"

"Chura hana umri."

"Unazungumza kama..." Aliweka kikombe juu ya kaunta. "Ngoja nimpigie sasa hivi. Nikisubiri mpaka saa sita na nusu nitajirudi."

Fusae hakuwa na muda. Simu ilikuwa imeshaanza kutetemeka mfukoni. Akili yake ilifanya kazi kwa kasi iliyomshangaza yeye mwenyewe: akanyoosha kidole, akabonyeza kipaza sauti, taa nyekundu ikawaka, mdomo wa chura ukafumbika. Ndipo akapokea, akajisikia fundi. Laiti watu wa rimoti wangemwona.

"Mama, uko wapi?"

"Bustanini," akasema, akijipa pumzi za mtu aliyechuchumaa. "Nang'oa figili. Moja imekataa kutoka."

"Huko hakuna mvua?"

"Jua tupu. Na wewe uko wapi?"

"Ofisini. Tumepumzika kidogo tu, tunarudi kikaoni."

Nyuma ya mwanawe Fusae aliiona rafu ya mikate. Walidanganyana hivyo, wakiwa wametazamana, kati yao kioo kimoja.

"Mama, nimefikiri," Shigeki akasema. "Ile habari ya kuhamia huku. Tuiache. Kaa kwako. Ukitaka kwenda kaburini kwa baba, nenda, ila ushike fimbo. Sitakuja na lori."

Tangu Februari Fusae alikuwa akilisubiri neno hilo. Kila asubuhi alipofunga mlango aliutazama kama wa mara ya mwisho: sakafu, bomba, figili, ngazi ya mawe iliyolika katikati kwa miguu ya watu wake. Sasa vyote vilirudishwa kwake kwa mkupuo mmoja, kupitia tundu dogo la simu, na mwili wake haukusubiri aamriwe.

"Ahsante, mwanangu," akasema, na akainama. "Ahsante. Ahsante." Mitatu, ya haraka haraka. "Ahsante sana." Na mmoja mrefu, macho amefumba, mpaka kipaji cha uso kikakaribia magoti.

Mezani kwake Kinuyo aliyaona yote. Hakuweza kupiga kelele, kipaza sauti chake kilikuwa wazi na mgeni alikuwa anauliza habari ya kifungua kinywa. Aliishia kujiziba mdomo kwa mikono miwili, na huko Fukuoka sungura naye akajiziba mdomo, na mgeni akauliza kama mayai yana tatizo.

Fusae alipoinuka na kufumbua macho, Shigeki alikuwa amesogea. Alijaza kioo chote. Simu ilikuwa bado sikioni lakini alikuwa haisikilizi. Alikuwa akimtazama chura, aliyekuwa mdomo amefumba, anaiweka sawa aproni yake ya bluu, kama Fusae alivyokuwa akiiweka sawa yake.

"Mama," Shigeki akasema, taratibu sana. "Huko bustanini kwako. Kuna chura?"

Ilikuwa Juni. Bonde zima la Kurose lilikuwa limejaa vyura, mashambani na kwenye mifereji yote, walikuwa wakiimba nje ya dirisha la darasa hata wakati huo.

"Chura?" Fusae akasema. "Hamna hata mmoja." Na kwa kuwa alitaka aaminike kabisa, akapeperusha kiganja mbele ya pua yake, huku na huku, kukataa.

Kule Osaka kiganja cha kijani kikapepea mbele ya pua, huku na huku, huku na huku.